Naomba ushauri: pevingi zangu kila mkorogo na rangi yake

Wakuu habari za mihangaiko, nipo Ujiji hapa Kigoma nafyatua pevingi nyekundu (vitofali vya zege vya kutandaza chini), sasa oksaidi, ile poda ya rangi, napima kwa mizani kabisa, kilo 2 na nusu kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, yaani 5%, lakini za leo na za juzi zikipangwa pamoja utadhani zimetoka viwanda viwili. Fundi anasema ni maji, mkorogo ukizidi maji pevingi ikikauka inapauka, namkubalia ila mchanga wenyewe mvua ikinyesha unakuja umeloa, sasa maji ya kuongeza unayajuaje? Hapo ndo napovurugwa. Halafu ile chumvi nyeupe inayotoka juu, mteja akiiona anasema rangi imechuja kumbe ni chokaa ya saruji tu.

Nasikia viwanda vikubwa wanatumia spektrofotomita, inasoma rangi kwa namba tatu, L (weupe na weusi), a (wekundu na kijani) na b (njano na bluu), unalinganisha na sampo. Kwa mtaji wetu huu italipa kweli, au nitunze pevingi moja kavu ya mfano niwe nalinganisha kivulini? Na nikibadili brandi ya saruji rangi inahama sana? Wenye uzoefu tu jamani, wa kunambia nihamie kwenye kijivu najua mpo😂