Tupeane uzoefu: mliowahi kupika pepper soup ya Kinigeria nyumbani, ilikuwaje?

JikoLaUani

Wakuu, habari za jioni. Jumapili nimepika pepper soup ya mbuzi kwa mara ya nne, na ndiyo ya kwanza iliyolika mpaka bakuli likang'aa. Zile tatu za mwanzo tuziite ajali. Nawapa ya kwanza, nanyi mwage zenu.

Niliionja Lagos, pale Surulere, nilipokwenda kikazi. Mwenyeji aliponiuliza kama nanywa supu, akili yangu ikaenda kwenye supu na chapati za asubuhi. Wenzetu wakisema "soup" mara nyingi ni mchuzi mzito, wa egusi (mbegu za jamii ya tikiti) au bamia, unaochovywa tonge la eba (ugali wa muhogo) au viazi vikuu vya kutwanga. Hii pepper soup iko mbali na hizo: nyepesi, haina nyanya, haikaangwi, haitiwi kitu cha kuifanya nzito. Kijiko cha kwanza kilinipandia puani kabla hakijafika kooni. Kamasi zikanitoka mbele za watu, na bado nikaomba nyongeza.

Nimerudi nyumbani na kiherehere. Kilo ya mbuzi, pilipili mbuzi kumi, chumvi, maji. Si jina lake ni supu ya pilipili? Nilichopata ni maji ya moto yenye hasira. Mke wangu alionja, akaweka kijiko chini taratibu, akaniuliza, "Baba Salma, hii umempikia nani, mwizi?"

mke_wa_Enugu

Pole shemeji, nimecheka hadi mtoto kaamka. Pilipili ni mgeni tu kwenye hiyo supu, wenye nyumba ni mbegu. Mimi ni wa Pangani, nimeolewa na Mwigbo, kabila la kusini mashariki mwa Nigeria, nilifundishwa na mama mkwe kwa kupigwa vikonzi vya mkono.

Ya kwanza ni ehuru. Mbegu nene kama maharage, ina ganda la kahawia. Unaikaanga kwenye kikaango kikavu hadi ganda lipasuke, unamenya, unatwanga kwenye kinu kidogo. Harufu yake ni kama kungumanga aliyepita karibu na moshi. (Nilishawahi kutia kungumanga yenyewe. Mume wangu akauliza kama leo tunakunywa chai.) Kuna uziza, punje ndogo kama pilipili manga lakini kali kwa namna yake. Na kuna uda, vijiti vyeusi vilivyokunjamana: unaviponda kidogo, unavitumbukiza vizima, unavitoa kabla ya kupakua. Mbegu za ndani ya uda nazitupa, zinaleta uchungu.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe akaja kunilea, wao wanaita omugwo. Kila asubuhi bakuli la viazi vikuu kwenye mchuzi wa uda na samaki mkavu, unachoma kama moto, na husimami mpaka uishe. Nikampigia mama Pangani kulalamika. Akaniambia, "Mimi ningekupa uji wa pilipili manga, kwani una tofauti gani? Kunywa." Toka siku hiyo wale wakwe wawili ni marafiki, ingawa hawaelewani hata neno moja.

Ila ukiwa mjamzito hawakupi uda. Mpaka ujifungue.

Kambale_Peckham

Yangu ni ya kambale. Kule Nigeria baa nyingi zina tangi la kambale hai, unamnyooshea kidole umtakaye, wanamuua na kumpika. Wanaiita "point and kill". Mimi naishi London, nikanunua wangu mtaa wa Rye Lane, Peckham, kakatwa vipande tayari. Nimemwosha kwa maji ya baridi nikaridhika.

Jamani ule utelezi! Supu ilivutika kama mlenda. Jirani yangu wa Benin City, Nigeria, alisimama mlangoni akatikisa kichwa: chumvi na maji ya moto, sugua, suuza, rudia hadi ngozi ikwaruze kiganjani. Mara ya pili utelezi ukaisha, ila nikakoroga kwa mwiko na kambale akageuka uji wenye miiba. Kumbe hakorogwi. Unashika sufuria masikio yote mawili na kuitikisa, basi. Na anaiva upesi, si wa kumwacha jikoni ukaenda kuangalia mpira.

binti_Nyali

Mie nilitia tui la nazi kupunguza ukali. Ilikuwa tamu wallahi.

Kambale_Peckham

Dada, hapo umepika kuku wa kupaka bila kuku. Hongera, lakini uzi si wake.

binti_Nyali

Haya, nimesikia. Na yale majani ya harufu yanayotiwa mwishoni kwenye pepper soup mnapata wapi?

mke_wa_Enugu

Waigbo wanayaita nchanwu, Wayoruba efirin. Mwenzangu, nenda nyuma ya nyumba ukachume kivumbasi, hicho hicho tunachofukuzia mbu. Mimi kwa harufu sioni tofauti. Katakata, tia dakika mbili za mwisho, ukizidisha inanuka dawa.

JikoLaUani

Kivumbasi ndicho kilichoniokoa Jumapili! Vipimo vyangu vya sasa, anayejua zaidi anisahihishe: kilo moja ya mbuzi na mifupa yake na ngozi, kitunguu, chumvi, ichemke kwa maji yake kwanza. Maji ya kufunika. Ehuru nne zilizotwangwa, uziza nusu kijiko cha chai, uda mbili, kijiko cha uduvi wa kusaga, pilipili mbuzi *mbili*. Saa moja na robo kwa moto mdogo, maana mbuzi wangu alikuwa mzee. Tukala na viazi vikuu vya kuchemsha. Mama Salma alijifuta jasho kwa khanga, hakusema kitu, akasogeza bakuli.

Shida ni moja. Mbegu nililetewa na rafiki, na kwenye kopo la kahawa zimebaki ehuru tatu. Aliye na mtu anayetoka Lagos mwezi huu aje inbox, nauli ya kifurushi juu yangu.