Tupeane uzoefu: majina kwenye makala za kitabibu, nani aliandika na nani alibebwa?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, jana nimemsikia intani anaambiwa na bosi wake, "Wewe andika tu, majina tutapanga baadaye." Kauli hiyo naijua vizuri mno. Wenye yaliyowakuta kwenye kuchapisha makala za kitabibu, mwageni hapa: majina, data, ridhaa za wagonjwa, majarida ya kula hela. Hospitali na vyuo msivitaje, tunataka kisa chenyewe.

Damu_Salama
Naanza mimi, maana limenikaa kooni. Nilikuwa nasomea ubingwa, utafiti wangu unahusu akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Mafaili ya leba nimeyachambua mwenyewe usiku. Mengine yameliwa na panya, mengine karatasi ya mwisho haipo, inabidi nimtafute mkunga aliyekuwa zamu nimuulize. Rasimu ya makala nikaandika mimi. Msimamizi akaniambia nimtumie data zote "azitunze". Nikatuma, nikaenda kituo changu cha kazi mkoani.

Siku moja rafiki ananitumia kiungo na neno "hongereni". Nafungua. Majedwali yangu. Utangulizi wangu, neno kwa neno. Mwandishi wa kwanza msimamizi, wa pili mkuu wa idara ambaye hakuwahi kuniuliza hata mada, wa tatu mtu nisiyemjua, baadaye nasikia alikuwa anasubiri kupandishwa cheo. Mimi nipo kwenye shukrani, na jina la ukoo wamelikosea.

Lakini jina si ndilo lililoniuma zaidi. Makala inasema wale mama walifariki kwa kuchelewa kufika hospitali. Data zangu zilionyesha wengi walishafika, wako kitandani, damu ndiyo haikuwepo. Sehemu hiyo waliitoa yote. Anayesoma leo atawalaumu marehemu.

Kijana_wa_Maabara
Pole sana daktari. Yamenikuta hayo hayo, tofauti ni idara tu.

Mhadhiri_Mkongwe
Poleni, ila tuwe wakweli. Mkuu wa idara ndiye anayetafuta fedha na kufungua milango ya wodi. Bila yeye hakuna utafiti. Jina lake kuwepo ni haki yake.

Msoma_Miongozo
Hapana mzee wangu, kwa heshima zote. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ile iliyokutana Vancouver mwaka 1978, ina masharti 4 ya kuitwa mwandishi. Uwe umechangia kwa uzito kwenye kubuni kazi au kukusanya na kuchambua data. Uwe umeandika au umeihakiki rasimu kwa kina. Uwe umeidhinisha toleo la mwisho. Na ukubali kuwajibika kwa kazi yote. Yanatakiwa yote 4, si moja. Kutafuta fedha peke yake, au kuwa bosi wa idara, kunakupa nafasi kwenye shukrani.

Mhadhiri_Mkongwe
Vancouver haimpandishi mtu cheo hapa kwetu.

Msoma_Miongozo
Basi hilo sharti la 4 likumbukwe siku makala ikigundulika ina data za uongo. Mwaka 2020 jarida la tiba The Lancet walichapisha makala ya hydroxychloroquine, dawa ya malaria, kwa wagonjwa wa korona, wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 katika mabara 6. WHO wakasitisha kwa muda sehemu ya dawa hiyo kwenye majaribio yao. Wataalamu wakahoji, pamoja na mengine, hizo takwimu za Afrika: ni hospitali zetu zipi zenye kumbukumbu za kielektroniki za namna hiyo? Kampuni ya Surgisphere, iliyotoa data hizo, ikakataa kutoa data zote zikaguliwe. Makala imetoka 22 Mei, 4 Juni imeondolewa. Waandishi 3 kati ya 4 ndio walioomba iondolewe, maana walikuwa wameweka majina juu ya data wasizoweza kuzithibitisha. Jina la bure lina gharama, mzee wangu.

Nesi_Mama_Wawili
Samahani nawakatisha. Nyie mnagombania majina ya madaktari, mimi nina la mgonjwa.

Mtoto wa dada yangu aliugua uvimbe wa taya, ile saratani ya Burkitt. Akapata dawa, akapona kabisa, Mungu ni mwema. Miaka ikapita, yuko sekondari. Mwenzake darasani anatafuta mambo ya baiolojia kwenye intaneti, anakuta picha: mtoto, uvimbe, kitambaa cha kitanda cha wodi yetu, na kipande cheusi juu ya macho. Darasa zima likamtambua. Kovu la shavuni lilitosha. Akagoma kwenda shule.

Dada yangu alipiga dole gumba kwenye fomu, ndiyo. Fomu ya matibabu! Hakuna aliyemwambia picha ya mwanawe itasomwa dunia nzima. Nilipowafuata madaktari wakaniambia "macho si tuliyafunika?"

Kijana_wa_Maabara
Mungu wangu.

Damu_Salama
Dada, mtoto anaendeleaje sasa?

Nesi_Mama_Wawili
Alihamishwa shule, anasoma. Mhariri nilimwandikia kwa msaada wa binti mmoja wa famasia. Akawaomba waandishi fomu ya ridhaa ya kuchapisha, hawakuwa nayo. Picha wakaitoa.

Msoma_Miongozo
Miongozo ile ile inasema wazi kuwa kufunika macho hakutoshi kumficha mgonjwa.

Fundi_Mishono
Sasa picha zote zikikatazwa, wanafunzi watajifunzia wapi?

Nesi_Mama_Wawili
Nani kakataza? Muulize mzazi. Muonyeshe picha yenyewe, mwambie itawekwa intaneti na haitarudi. Akikataa, nyamaza. Mbona kumuuliza ndiyo kazi ngumu?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, tumpe Damu_Salama ushauri pia.

Fundi_Mishono
Achana nao, utahitaji barua ya utambulisho siku moja. Kula kimya.

Kijana_wa_Maabara
Usile kimya. Anika kila kitu mtandaoni, majina yote.

Pwani_Hadi_Bara
Asimsikilize yeyote kati yenu. Ukianika utashtakiwa wewe. Dada, kachape nyingine mwenyewe haraka, kila siku napokea barua pepe za majarida yanayokubali ndani ya saa 48.

Msoma_Miongozo
Usithubutu! Hao wanakubali chochote kisha wanaleta ankara, na ukitaka kuiondoa makala wanadai hela tena. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 ya mtandaoni. 157 waliikubali. Data za marehemu wako hazistahili kuzikwa huko.

Fanya hivi. Kusanya ushahidi: cheti cha kamati ya maadili chenye jina lako kama mtafiti mkuu, rasimu zenye tarehe, barua pepe ulizotuma data. Mwandikie mhariri. Yeye hataamua nani mwandishi, ataitaka taasisi ichunguze, ndivyo miongozo inavyomtaka. Lakini lile la damu kutokuwepo ni lake moja kwa moja, maana matokeo yamepotoshwa. Anza na hilo.

Mhadhiri_Mkongwe
Hapo nakubaliana naye. Majina tutabishana, ila matokeo hayakatwi. Nenda na hilo la damu, binti yangu.

Damu_Salama
Asante baba, asanteni nyote. Rasimu zote ninazo. Msoma_Miongozo, nakufuata pembeni unisomee barua kabla sijaituma.

Zamu_ya_Usiku
Mwenye mfano wa makubaliano ya majina ya kusaini kabla utafiti haujaanza auweke hapa. Intani wangu anauhitaji kabla ya Jumatatu.