Buruma na shisha ni kitu kimoja?

Jamani, nyanya yangu wa Kibokoni akiona shisha aiita buruma. Ni kitu kimoja ama?

— Ndicho hicho mwanangu. Zamani maji yatiwa ndani ya kifuu cha nazi, digali, yaani bomba la kupitisha moshi, limechomekwa juu, ukivuta wasikia yalia gorr gorr, na hata nargile, jina jengine la shisha, latokana na neno la Kiajemi la nazi!

— Historia tamu lakini shisha Kenya ilipigwa marufuku Desemba 2017 na maji hayachuji sumu kama vijana wanavyodhani, kikao cha saa moja waweza kuvuta moshi mara 100 ya sigara moja, na paipu mnapokezana mdomo kwa mdomo. Tafadhalini acheni.

— Asanteni. Nyanya asema babu alivuta barazani, na kahawa tungu.