Tupeane uzoefu: dozi inanywewa kwa dakika moja, siku nzima ni ya mgonjwa mwenyewe

Mshauri nasaha, Temeke
Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa tunaowahudumia waraibu wa unga (heroini) wanaotibiwa huku wakiishi nyumbani. Tangu kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga) ya Muhimbili ifunguliwe mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kwa wengi utaratibu ni ule ule: mtu anakuja asubuhi, anakunywa dozi mbele ya mhudumu, anarudi mtaani. Mtaani ndiko kulikomfanya awe mgonjwa. Kila anayechangia aandike hatua zinazosaidia pale ambapo hatupo.

Naanza na njia ya kurudi nyumbani. Kaa na mteja, chukueni karatasi, mchore njia kuanzia geti la kliniki hadi mlangoni kwake. Wekeni alama kila penye kijiwe, kila alipokuwa akinunulia kete, kila kituo anachoshuka na kukutana na washikaji wa zamani. Kisha mchague njia nyingine, hata kama ni ya kubadilisha daladala mara mbili. Kosa letu kubwa ni kumwambia "epuka marafiki wabaya" halafu basi. Hajui aepuke vipi wakati kijiwe kiko hatua 20 kutoka kituoni.

Halafu pesa. Kibarua wa Kariakoo analipwa jioni taslimu, na noti mkononi peke yake inaamsha hamu. Mpangieni kabla: ikilipwa tu, sehemu kubwa iende kwenye simu ya mtu aliyemchagua mwenyewe (dada, mama, mke), abaki na nauli ya kesho na chakula. Amchague yeye. Mkimchagulia nyinyi, ataona ni ulinzi na atauvunja.

Muuguzi wa dirishani, Kinondoni
Ahsante mshauri. Mimi nazungumzia wiki mbili za mwanzo, maana hapo ndipo tunapopoteza watu.

Dozi ya kuanzia ni ndogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30. Mteja siku ya pili analalamika kwamba haimshiki, jioni arosto (mateso ya mwili kukosa kilevi) inarudi. Anadhani tunambania. Mweleze mapema na kwa lugha nyepesi: methadoni hukaa mwilini muda mrefu, ya jana haijaisha ndipo ya leo inaongezeka juu yake. Dozi ile ile inazidi kupata nguvu kwa siku kama tano. Akiongeza unga au diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) siku ya tatu ili "ajazie", siku ya nne au ya tano anaweza kulala asiamke. Wengi baadaye hutulia kati ya miligramu 60 na 120, ila hufika huko polepole.

Na akikosa siku tatu mfululizo, asitegemee dozi yake ya zamani. Mwili unasahau haraka. Tutampima upya, mara nyingi tutashusha. Watu wanaogopa kugombezwa, wanadanganya kwamba walikunywa. Jamani, tusiwagombeze. Mteja anayesema ukweli dirishani ndiye anayebaki hai.

Mfamasia
Nyongeza kwa muuguzi: dawa za TB. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, inalifanya ini liondoe methadoni kwa kasi. Mteja aliyetulia miezi mingi anaanza dawa za TB, baada ya wiki moja au mbili anatokwa na kamasi, anapiga miayo, mifupa inauma, halali. Nyumbani wanasema karudia unga. Hajarudia, dozi imepungua ndani ya damu. Efavirenzi na nevirapini kwenye ARV hufanya hivyo hivyo, dolutegraviri haina shida hiyo.

Mfundishe mambo mawili. La kwanza, karatasi ya kila dawa mpya aje nayo kliniki, hata ya duka la mtaani. La pili, TB ikiisha na rifampisini ikisimama, dozi iliyokuwa imepandishwa lazima ishushwe kwa hatua katika wiki zinazofuata, la sivyo itamzidi. Hili la pili husahaulika sana, kwa sababu siku hiyo kila mtu anafurahia kwamba amepona.

Mhudumu rika, Manzese
Ndugu zangu, hamu. Hamu inakuja kama wimbi, kwa kawaida ndani ya nusu saa imeshuka. Kwa hiyo mteja hahitaji kushinda siku nzima, anahitaji kuvuka dakika 30. Ajipangie vitu vitatu vya kufanya kwa mpangilio: anywe maji na kula kitu, aondoke pale alipo, ampigie mtu mmoja ambaye namba yake iko juu kabisa kwenye simu. Ayafanyie mazoezi siku akiwa mzima, maana hamu ikipanda kichwa hakifikiri.

Daftari la shilingi chache linasaidia kuliko mahubiri. Kila hamu ikija aandike saa, mahali, alikuwa na nani, alikuwa amekula lini, na ukali kuanzia 0 hadi 10. Baada ya wiki mbili mnaona wenyewe. Wengi utakuta ni saa kumi jioni, tumbo tupu. Hapo dawa ni sahani ya wali maharage saa nane.

Asiyejua kusoma achore vijiti, inatosha.

Mama wa Mbagala
Samahanini wanangu, mnaongea unga tu. Na pombe je? Mtu wa gongo naye nimfungie ndani aache?

Muuguzi wa dirishani, Kinondoni
Shikamoo mama. Hapana, usimfungie. Arosto ya unga inatesa, ila kwa mtu mzima ambaye hana maradhi mengine ni nadra kumuua. Ya pombe inaweza kuua. Anayekunywa kila siku kwa wingi akikata ghafla, mikono hutetemeka ndani ya saa chache, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili, na kuanzia siku ya pili au ya tatu huweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo. Mpeleke hospitali kabla hajaacha. Atapewa dawa za kushusha taratibu pamoja na vitamini B1. Akipata degedege nyumbani, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize.

Mhudumu rika, Manzese
Na aliyezidisha unga: anakoroma vibaya, midomo inabadilika rangi, haamki ukimsugua kifua kwa ngumi. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, yataingia mapafuni. Fungueni njia ya hewa, mpulizieni pumzi moja kila sekunde tano, mtu mwingine atafute usafiri. Akipewa naloksoni (dawa inayozima nguvu ya unga na methadoni) akaamka, asiachwe aende zake. Naloksoni huisha ndani ya saa moja hivi, unga au methadoni aliyokunywa huenda bado ipo mwilini.

Mshauri nasaha, Temeke
Shikamoo mama, na ahsanteni wote. Kwa akina dada: unga husimamisha hedhi kwa wengi, na wakitulia kwenye methadoni hedhi hurudi bila taarifa. Uzazi wa mpango uzungumzwe mwezi wa kwanza. Akishika mimba asikatishe dozi. Miezi ya mwisho huenda hata ikahitaji kuongezwa.

Mfamasia
Kuna choo kigumu pia, kinawafanya wengine waache dawa kimya kimya. Maji lita mbili na zaidi kwa joto letu hili, papai, mchicha, kutembea. Ikipita siku tatu bila choo aseme, tumpe dawa ya kulainisha. Na meno: mdomo hukauka, kwa hiyo asukutue maji kila baada ya dozi, apige mswaki asubuhi na usiku.

Mama wa Mbagala
Nashukuru. Na msiba ukitokea mkoani?

Muuguzi wa dirishani, Kinondoni
Aje kliniki kabla ya kupanda basi, mama, hata kama ni kwa dakika kumi. Tunaangalia kama anakokwenda kuna kliniki, kama Mwanza, Mbeya, Dodoma au Tanga, tunawapigia wenzetu wamjue na waijue dozi yake. Kama hakuna, tunahesabu naye siku, na akirudi anapita kwetu kwanza, kabla ya kupita maskani.