Nissan Z, GR86 au Lexus LC 500? Njia yangu ni Seeb–Sur, na Salalah mara moja kwa mwaka

Mpwani_wa_Seeb

Assalaam alaykum wanajamvi.

Miaka 11 sasa naendesha Prado hapa Oman na sina ugomvi nayo. Imenibebea watoto, imenibebea mbuzi wa Idi, imebeba hata friji ya mama mkwe kutoka Ibra. Lakini watoto wamekua, mkubwa ana gari yake, nami nimetimiza miaka 44. Nataka gari ya milango miwili kabla magoti hayajakataa. Mke wangu ameridhia kwa sharti moja tu, Prado haiuzwi.

Nazungumzia kupe mpya, za dukani (waliokulia na ng'ombe msicheke, si kupe yule). Mustang nimeiweka kando kwa sababu kila kijana wa mtaani kwetu anayo, na saa nane za usiku ndiyo saa yao. Supra naona Toyota wenyewe wanaifungia kitabu. Zimebaki tatu:

Nissan Z. V6 ya lita 3, turbo mbili, farasi 400, na klachi ipo kwa anayeitaka. Mbele imechukua sura ya 240Z ya zamani, taa za nyuma za 300ZX. Nikiitazama nakuwa na miaka 15 tena.

Toyota GR86. Lita 2.4, silinda nne zilizolala ubavu, turbo hakuna, farasi 230 hivi. Wenzangu kazini wanaiita gari ya mwanafunzi.

Lexus LC 500. V8 ya lita 5 isiyo na turbo, farasi 471, gia 10 za otomatiki. Bei yake naijua, msinikumbushe.

Njia zangu: kila Alhamisi jioni naenda Sur kwa mama, njia ya pwani kupitia Quriyat, kilomita 200 na ushei. Khareef, msimu wa manyunyu wa Salalah, ikiingia tunakwenda huko, kilomita kama 1,000, kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait. Na alfajiri nikipata nafasi, napenda kupanda ule mlima wa Bausher–Amerat watu wakiwa bado wamelala. Hapo ndipo Prado inaponitia haya, kila kona inainama kama inasalimia wazee.

Ipi kati ya hizo inaweza kazi zote tatu?

Fundi_WadiKabir

Waalaykum salaam mwanangu. Gari ya kuweza zote tatu unayo, ni hiyo Prado. Hizi nyengine kila moja inaijua kazi moja vizuri, basi tuanzie hapo.

Watu wanatazama farasi. Mimi natazama mizani. GR86 ina kilo kama 1,280. Z ni kama 1,600. LC inapita 1,900. Sasa panda Amerat, kisha uteremke. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa moto, na moto huo unakwenda na uzito. Kwa mwendo ule ule, Z inazipa breki zake moto zaidi kwa robo kuliko GR86, na LC karibu mara moja na nusu. Ndiyo, wamezipa breki kubwa zaidi, najua. Lakini tairi pia inaubeba uzito huo, na wewe mwenyewe unausikia kwenye usukani unapoingia kona.

Kwa hiyo usidanganywe na sura. Z ni gari ya safari iliyovaa jezi ya mpira. Inavuta kutoka chini bila kelele, gia ya sita unaiacha hapo hapo, unapita lori kabla hujamaliza bismillahi. Barabara ya Adam mpaka Haima, ambayo haina kona hata ya dawa, ndiyo kwake. GR86 kinyume chake. Nguvu yake yote iko juu, karibu na mizunguko 7,000 kwa dakika, lazima uitafute kwa gia. Mlimani hiyo ni raha. Haima saa saba mchana ni adhabu.

Jengine ni joto letu. Hewa ya nyuzi 45 ni nyepesi kwa kama asilimia 9 kuliko ya nyuzi 15, maana injini inavuta pumzi pungufu. GR86 na LC hazina turbo, zinapungukiwa na kiasi kama hicho na unakijua tangu asubuhi. Ya turbo inaweza kujifidia kwa kusukuma hewa zaidi, lakini ikishachemka, na kipoza hewa chake kikishapata moto, kompyuta yake inapunguza nguvu yenyewe. Kwa hiyo zile 400 za Z ni za alfajiri. Ukipanda mlima mara nne mfululizo mwezi wa Julai usije kuniuliza zimekwenda wapi.

Mustang umeiacha haraka. V8 ile na gia za mkono si kitu cha kudharau. Lakini nami nina jirani, nakufahamu.

Mpwani_wa_Seeb

Ami, umenichanganya zaidi. LC hukuisema.

Fundi_WadiKabir

LC ni kiti. Kiti kinachopuliza baridi mgongoni, na V8 mbele yake inayoimba ukiikanyaga. Kwa Salalah haina mpinzani katika hizo tatu, tangi lake ni lita 82. Ila fungua buti kabla hujalipa. Watu wananunua gari ya safari halafu wanagundua buti lake ni dogo kuliko la GR86. Viti vya nyuma vya LC havikunjwi, vya GR86 vinalala, na ile 86 ya kwanza waliipima kabisa ili seti ya tairi nne iingie ndani. Wewe unakwenda Sur kwa mama. Unarudi mikono mitupu?

Mpwani_wa_Seeb

Narudi na samaki, tende na makawa ya halwa. Mara ya mwisho alinipa na jogoo.

Kibokoni_Mzee

Jogoo kwenye Lexus, subhanallah.

Sisi hapa Mombasa twasoma tu. Gari ikivuka miaka minane Kenya haiingii, na yako hata ukiichoka ikiwa na mwaka mmoja huwezi kuniletea, usukani uko kushoto. Halafu barabara yetu ya kwenda Nairobi ni lori, lori, lori. Hizo farasi 400 zingekuwa zapiga foleni Mariakani. Chukua Z, bwana. Maisha ni mafupi na hiyo ndiyo ulioitaja kwanza.

Mswahili_Leicester

Nina GR86 tangu 2022, basi niseme ninaloliishi. Uingereza zililetwa za kuhesabika kwa sababu ya sheria mpya za Ulaya za usalama, na oda zilijaa kabla chai haijapoa. Niliipata kwa kulala na simu mkononi.

Mazuri nitayapitia haraka kwa sababu fundi ameshayasema: usukani unakuambia kila kitu, kiuno chake hakisiti, na unaweza kuikanyaga mpaka mwisho bila kwenda jela. Ile ya mwisho ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye gari ya farasi 400 unaonja sekunde nne, kisha unainua mguu. Na kwenu huko kamera zimepangwa kama shanga.

Sasa mabaya. Kelele. Si ya injini, ya tairi. Kwa maili 70 kwa saa injini inazunguka karibu 3,000 kwenye gia ya sita, na lami mbovu inaingia sikioni moja kwa moja. Nilikwenda Glasgow na kurudi, mke wangu akanyamaza kutoka Carlisle. Sikuuliza kwa nini. Viti vya nyuma ni vya koti. Tangi ni lita 50, kwa hiyo njia yako ya Salalah utasimama kujaza mafuta njiani, utake usitake.

Swali kwa ndugu mwenye mada: mama yako hupanda gari yako?

Mpwani_wa_Seeb

Hupanda. Kila Ijumaa nampeleka sokoni.

Fundi_WadiKabir

Basi mchukue mama kwenye majaribio, usimchukue rafiki. Na mambo mawili ya kutazama, uchague yoyote. Kwanza tairi ya spea. Uliza imo au umepewa chupa ya gundi, kwa sababu gundi haizibi tairi iliyochanika ubavu, na baina ya Adam na Haima utakaa na ngamia. Na hao ngamia, usiku usisafiri na gari ya chini. Ngamia miguu yake mirefu, ukimpiga kiwiliwili kinakuja kwenye kioo.

Pili tairi zenyewe. Ubavuni kuna tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Gari mpya inaweza kuwa imesimama juani muda mrefu. Na upepo pima asubuhi ikiwa baridi, kwa sababu unapanda kama psi 1 kwa kila nyuzi 6. Wengine wanapima mchana, wanaona umezidi, wanatoa. Kisha wananiletea mimi.

Mpwani_wa_Seeb (baada ya siku tisa)

Nimerudi wanajamvi.

LC nimekaa ndani dakika kumi, nikafungua buti, nikamkumbuka jogoo, nikafunga.

Z nimeiendesha. Ami, umesema kweli, ni gari ya safari. Nilitoka nayo barabarani nikatabasamu mpaka taa ya kwanza. Kisha kwenye mzunguko nikausikia ule uzito unakawia kidogo, kama mtu anayejibu baada ya kufikiri. Si ubaya. Ningekuwa naishi Salalah ningelipa siku hiyo hiyo.

GR86 nilimchukua mama. Kuingia aliingia. Kutoka tulimtoa watu wawili, mimi na yule kijana muuzaji, na mama amemshika mkono anamuuliza, "Mwanangu, hiki kiti au mkeka?" Tukarudi na Prado. Njiani akasema soko atakwenda na Prado na halwa itakuja na mkeka, yeye hana neno.

Nimeweka arbuni ya GR86, gia za mkono. Salalah mke wangu ameshaamua, Prado. Mswahili wa Leicester, nimemsomea habari ya Carlisle, kacheka sana, kisha akasema naye angenyamaza.

Spea nimeuliza, bado wananizungusha kwa majibu. Tairi nimechungulia kwa tochi ya simu: tatu zinasoma 0825, moja ya nyuma kulia inasoma 3124. Ami, ni kawaida hiyo au niwaambie waibadilishe kabla sijamaliza kulipa?

Fundi_WadiKabir

Waambie wabadilishe. Na usilipe kwanza.