Maonyesho ya "uhuru wa mwanamke" halafu picha imefunikwa kitambaa? Mnatuchezea akili

Wakuu, nimetoka huko jana nimefura, nikasema nilale kwanza nisije nikamtukana mtu. Nimelala. Nimeamka bado nimefura.

Na mchoraji sina ugomvi, mjue hilo kabla hamjanirukia. Picha thelathini na kitu, kazi ya miaka, maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, na dada anajua rangi. Karibu na mlango kuna picha ndogo: mwanamke amekaa juu ya paa, miguu inaning'inia, nywele zake zimesukwa zikashuka hadi chini zikawa ngazi. Ukisogea unaona buluu ya anga haikupakwa kwa brashi, imekwanguliwa kwa kisu, na chini yake rangi ya chungwa inachungulia. Niliganda pale mpaka watu wakaanza kunipita kwa pembeni.

Halafu nikafanya kosa la kusoma kibandiko.

Eti nywele ni minyororo ya ndoa na anga ni machozi. Minyororo! Mtu kageuza nywele zake ngazi, mdomo umekaa kama anazuia kicheko, ninyi mnaona minyororo. Nikahamia ya pili: uchungu. Ya tatu: jeraha. Nikaanza kuhesabu kwa hasira. Neno "uchungu" limo kwenye vibandiko kumi na kimoja, "ndoto" kwenye kimoja tu, nayo ni ndoto mbaya. Na bango la mlangoni limeandikwa kwa herufi za kujaza ukuta: uhuru na njozi za mwanamke. Njozi zipi sasa, kama kila turubai mmelifungia maana moja kabla mtazamaji hajavuta pumzi? Mwanamume akichora farasi mwenye mabawa mnamwita mbunifu. Akichora mwanamke farasi yuleyule, mnauliza nani alimpiga.

Na ugonjwa huu wa zamani. Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Kimarekani, miaka ya 1920 alichora maua makubwa, ua moja likijaza turubai zima. Wahakiki wakang'ang'ania kwamba yale ni maumbile ya mwanamke, na aliyeupigia debe usomaji huo alikuwa Alfred Stieglitz, mumewe na mwenye ukumbi uliokuwa ukionyesha kazi zake. Mama wa watu akakanusha, akakanusha tena, akazeeka akikanusha, akafariki 1986 akiwa na miaka 98. Bado kuna anayeangalia ua lile na kukonyeza jicho.

Mnajua ningependa nini? Remedios Varo, Mhispania aliyekimbilia Meksiko wakati wa vita, mwaka 1958 alichora mwanamke peke yake kwenye mnara, anasaga nyota kwa kimashine cha mkono, na unga wake anaulisha kwa kijiko mwezi mwembamba uliofungiwa tunduni. Mmoja ataona mama aliyechoka. Mwingine mwanasayansi. Mimi huwa naona mtu wa zamu ya usiku. Picha inatubeba wote bila shida, sasa bandika pembeni yake karatasi inayosema "huu ni mzigo wa uzazi" uone inavyosinyaa.

Tuje kwenye kitambaa, maana hapo ndipo nilipopandisha.

Chumba cha ndani, ukuta wa mwisho, kuna picha imefunikwa kitambaa cheusi na kikaratasi: "Muombe mhudumu akufunulie." Nikamuomba. Kijana mmoja mpole, masikini, wala si kosa lake. Akakiinua kwa vidole viwili huku anatazama pembeni, kama mtu anayefunua sufuria ya jirani. "Ukitosheka useme," akaniambia. Chini yake kuna mwanamke amelala uchi, usingizi mzito, na tumboni pake kuna mji mdogo umewasha taa, vidirisha hata havifiki punje ya mtama. Basi. Hiyo ndiyo ya kufichwa.

Kundi la wasanii wanawake wanaojiita Guerrilla Girls walitoa bango lao 1989 kuhusu jumba la makumbusho la Metropolitan, New York: kwenye sehemu za sanaa ya kisasa, wasanii wanawake hawakufika asilimia 5, lakini picha za uchi, asilimia 85 ni za wanawake. Kwa hiyo mwanamke uchi hajawahi kuwasumbua. Anawasumbua akijichora mwenyewe, na amelala, hamwangalii mtu.

Na ufunguzi sasa. Wanaume watatu wamehutubia. Watatu! Wa pili alimsifu kwa kuwa "mama bora licha ya kipaji", na hiyo "licha" sijaielewa mpaka sasa hivi. Mwenye picha akapewa kipaza sauti mwishoni, watu wameshaanza kuangalia simu. Msichana mmoja akauliza ile buluu ilikuwaje. Kabla dada hajafungua mdomo, mratibu akajibu. Kuhusu machozi, bila shaka.

Nikakumbuka Royal Academy, ile taasisi ya wasanii ya London iliyoanzishwa 1768. Wachoraji wawili wanawake, Angelica Kauffman na Mary Moser, walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mchoraji Johan Zoffany akaja kuwachora wanachama wamekusanyika kwenye darasa la kuchora miili ya uchi, na kwa kuwa mwanamke kuwepo pale ilikuwa aibu, hao wawili akawaweka kama picha mbili zilizotundikwa ukutani. Waanzilishi!

Watu walipopungua nikamfuata dada nikamuuliza mwenyewe. Buluu? "Yalikuwa machweo, nikayachoka." Na nywele? Akacheka. "Nilihitaji ngazi, mbao zilikuwa zimeisha."

Sasa waandaaji, kama mnasoma: kitambaa kitoke, na vibandiko vibaki na jina la picha, mwaka na aina ya rangi. Mnaogopa watoto? Wekeni tangazo mlangoni, mzazi aamue.

Nilitaka kuyaandika haya kwenye daftari lao la maoni. Kalamu waliyoifunga kwa kamba haina wino. Kesho narudi na yangu.