"Aende duka jingine": mnajua Wayahudi wamefanyiwa nini kwa kauli hiyo?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ukiibuka mjadala wa yule muoka keki wa Colorado aliyekataa kwa sababu ya imani yake kuwatengenezea keki ya harusi wanaume wawili waliokuwa wanaoana, akashinda kesi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2018, lazima mtu aandike kwamba biashara ni yake, imani ni yake, aliyekataliwa aende duka jingine. Na anapigiwa makofi. Leo nasema na hao wapiga makofi, maana mnachokishangilia kimeshawafika Wayahudi.

Tennessee, Januari 2021. Mume na mke Wayahudi wa Knoxville walitaka kumchukua mtoto mwenye ulemavu aliyekuwa Florida, wamlee kisha wamuasili. Sharti wapate kwanza mafunzo na nyumba yao ikaguliwe. Shirika la Holston United Methodist Home for Children likawakubalia. Siku mafunzo yanaanza, ikaingia barua pepe: shirika linahudumia familia zenye imani ya Kikristo kama yake tu. Mpango wa yule mtoto ukafia hapo.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Hili si kanisa lililokataa kumpa mtu ushirika, hilo ningelielewa. Ni shirika linalolipwa na jimbo kufanya kazi ya jimbo, na katika fedha hizo kuna kodi ya Wayahudi hao hao! Wala halikuvunja sheria kwa kificho. Januari 2020 gavana Bill Lee alitia saini sheria inayoyaruhusu mashirika ya aina hiyo kukataa watu kwa sababu ya imani. Wanandoa wakashtaki mwaka 2022, jopo la majaji likaitupa kesi kwamba hawana hata haki ya kuifungua. Mpaka Agosti 2023 ndipo mahakama ya rufaa ikasema wasikilizwe. Zaidi ya miaka miwili, na hapo kesi yenyewe bado haijaamuliwa.

Na msijidanganye kwamba ni shida ya Wayahudi peke yao. Kule South Carolina, shirika la Miracle Hill lilikuwa linataka Waprotestanti tu. Wayahudi nje, Wakatoliki nje. Januari 2019 serikali ya Trump ikalipatia jimbo kibali ili shirika liendelee kupata fedha za umma. Wangapi humu mnaopiga makofi ni Wakatoliki? Waislamu ndio hata siulizi.

Kisingizio chenyewe ni cha zamani. Mwenye migahawa ya nyama choma ya Piggie Park, South Carolina hiyo hiyo, aliiambia mahakama kwamba kuwahudumia watu weusi pamoja na weupe ni kinyume cha mapenzi ya Mungu. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ikaona utetezi huo ni upuuzi mtupu. Leo hakuna anayethubutu kumtetea, lakini hoja yake mnairudia neno kwa neno.

Kuhusu Wayahudi ni zamani zaidi. Mwaka 1877 Joseph Seligman, mfanyabiashara wa benki aliyeisaidia serikali ya Marekani kupata fedha wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikataliwa chumba katika hoteli ya Grand Union, Saratoga Springs, kwa sababu ni Myahudi. Hoteli nyingine zikafuata. Akienda kwingine, nako anakuta mlango umefungwa.

Mtaniambia ipo Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ipo, na inakataza ubaguzi wa dini. Lakini sehemu yake inayohusu wateja inataja hoteli, migahawa, vituo vya mafuta na kumbi za burudani. Duka la kawaida la nguo halimo. Huko mteja anategemea sheria ya jimbo lake, na Tennessee mmeshaona jimbo linavyoweza kuandika sheria ya kumruhusu anayekataa watu.

Kwa hiyo nyinyi wa "aende duka jingine", nijibuni bila kuzunguka: wale wawili wa Knoxville walikosa nini hata mtoto asiende kwao? Na imani ya nani ililindwa siku ile, kama ya kwao ndiyo iliyowaponza?